Waliochoka Kabla ya Kazi Kwisha: Marekani na Muafaka wa 1877

Saa kumi alfajiri ilikuwa imepita kidogo, tarehe 2 Machi 1877, Seneta Thomas Ferry alipotangaza mbele ya wabunge waliokesha mjini Washington kwamba Rutherford Hayes wa chama cha Republican, gavana wa Ohio, ndiye rais mteule wa Marekani. Kura 185 za wajumbe, yaani watu wa kila jimbo ambao kura zao ndizo humchagua rais, dhidi ya 184 za Samuel Tilden wa New York, wa chama cha Democratic. Muhula wa Rais Ulysses Grant ulikuwa umebakiza siku mbili. Jioni ya kesho yake Hayes akaapishwa faragha ndani ya Ikulu, wananchi hawana habari, kwa sababu tarehe 4 iliangukia Jumapili na wakubwa hawakutaka nchi ipitishe hata siku moja bila rais aliyekwisha kula kiapo. Kwa miezi kadhaa wafuasi wa Tilden walikuwa wakipaza sauti mitaani: "Tilden au damu."

Damu haikumwagika Washington. Ndiyo maana wako wanaoutaja muafaka wa 1877, yaani maelewano ya vyama yaliyomwingiza Hayes Ikulu huku askari wakiacha kuzilinda serikali za mwisho za Republican Kusini, kama ushahidi wa ukomavu wa kisiasa: nchi iliyozika watu zaidi ya laki sita miaka 12 tu nyuma iliweza kumaliza mgogoro wa urais bila kufyatua risasi. Mimi siusomi hivyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, viliamua mambo mawili, kwamba muungano hauvunjiki na kwamba utumwa umekwisha. Swali la tatu, yaani watu milioni nne waliokuwa watumwa watakuwa raia kamili au vibarua wasio na sauti, halikuamuliwa na vita. Lilibaki likigombaniwa miaka yote ile 12, na jibu lililopatikana 1877 ndilo Marekani iliyoishi nalo kwa takriban karne nzima. Na wanaobeba lawama kubwa, kwa maoni yangu, si wale waliolipinga tangu mwanzo. Ni wale walioanza kazi hiyo kwa moyo, wakachoka njiani, kisha uchovu wao wakauita amani.

Ili kuona kilichopotea, turudi Savannah, Georgia, usiku wa tarehe 12 Januari 1865. Vita havijaisha. Jenerali William Sherman wa jeshi la Kaskazini na Waziri wa Vita Edwin Stanton wamewaita viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi wa mji ule ili wawaulize wanataka nini. Wenzake walimchagua Garrison Frazier awe msemaji, mchungaji wa Kibaptisti mwenye miaka 67, ambaye miaka minane nyuma alikuwa amejinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Jibu lake lilikuwa fupi: njia bora ya sisi kujitunza ni kuwa na ardhi, tuigeuze na kuilima kwa jasho letu wenyewe. Siku nne baadaye Sherman alitoa amri iliyotenga ukanda wa pwani kuanzia South Carolina hadi Florida kwa ajili ya familia zilizoachwa huru, kila familia ekari zisizozidi 40. Watu kama 40,000 wakahamia. Wakagawana mashamba, wakapanda.

Abraham Lincoln akauawa Aprili. Makamu wake, Andrew Johnson wa Tennessee, akaingia Ikulu na kuanza kuwasamehe mabwana wa zamani mmoja baada ya mwingine, na msamaha ule uliandamana na kurudishiwa ardhi. Mtu aliyetumwa kupeleka habari hiyo kisiwani Edisto, South Carolina, alikuwa Jenerali Oliver Howard, mkuu wa idara ya serikali iliyoundwa kuwasaidia walioachwa huru. Howard alikuwa mtu wa dini na rafiki wa kweli wa watu wale. Mkono wake wa kulia ulikatwa baada ya mapigano ya 1862 katika vita hivyohivyo. Akasimama kanisani Oktoba 1865 na kuwaomba wawasamehe mabwana wao na kufanya nao kazi kwa mikataba. Kamati ya wanakisiwa ikamwandikia barua. Walimwambia kwamba yeye alipoteza mkono tu vitani, hivyo pengine anaweza kusamehe. Lakini, waliandika, mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, akamvua nguo mama yangu na dada yangu na kuwapiga, na ambaye leo haniruhusu kukaa katika kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei aitakayo, mtu huyo siwezi kumsamehe.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba waandishi wake walielewa uchumi wa siasa kuliko wabunge wengi wa wakati ule. Walijua asiye na ardhi atarudi kwa bwana yuleyule, na bwana anayeshika mkate wako ataishika na kura yako. Mengi yaliyofuata baadaye yanatoka hapo.

Hata hivyo kwa miaka michache jambo la ajabu lilitokea. Bunge lilimshinda Johnson, likamshtaki mwaka 1868 na kumkosa kwa kura moja tu katika Seneti. Marekebisho ya 14 ya Katiba yakawapa weusi uraia, ya 15 yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, na sheria za 1867 zikaweka Kusini chini ya usimamizi wa jeshi hadi majimbo yaandike katiba mpya. Wanaume weusi wapatao 2,000 walishika vyeo vya umma, kuanzia mahakimu wa vijiji hadi maseneta wawili wa Mississippi, Hiram Revels na Blanche Bruce. Robert Smalls, aliyetoroka utumwani Charleston Mei 1862 kwa kuiendesha meli ya kijeshi ya Kusini iitwayo Planter mbele ya mizinga ya mabwana wake, aliingia Bungeni na akainunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake kule Beaufort. Shule za umma za Kusini, za weupe na za weusi, kwa sehemu kubwa zilianzishwa na serikali hizi mpya za majimbo. Rushwa ilikuwepo, nayo haikuwa ndogo, ila wakati huohuo wanasiasa wa New York walikuwa wakiiba mamilioni na hakuna aliyesema wazungu wasipige kura.

Upinzani ulikuja na bunduki. Mfano ambao kila mtu anayesoma historia hii anapaswa kuujua ni Colfax, Louisiana. Uchaguzi wa ugavana wa 1872 ulikuwa na washindi wawili, kila mmoja akijitangaza. Wanaume weusi wakakusanyika kulinda jengo la mahakama ya wilaya. Jumapili ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1873, kundi la wazungu wenye silaha na mzinga mdogo likalizingira jengo, likalichoma moto, na kuwaua waliotoka. Wengi wa waliouawa walikuwa wamekwisha kusalimu amri. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 60 na 150. Mwaka 1950 jimbo lilisimamisha bango mahali pale lililosema kwamba tukio hilo liliashiria mwisho, huko Kusini, wa utawala mbovu wa wageni kutoka Kaskazini. Likaondolewa 2021.

Watu watatu walipatikana na hatia katika mahakama ya shirikisho. Na hapa anaingia mtu ambaye jina lake litarudi: Joseph Bradley, jaji wa Mahakama ya Juu, ambaye kwa desturi ya wakati ule alizunguka pia kusikiliza kesi mikoani. Mwaka 1874 Bradley alisema mashtaka yale hayasimami. Machi 1876 Mahakama ya Juu nzima ikakubaliana naye: Marekebisho ya 14 yanazuia majimbo kukiuka haki, hayamzuii raia mmoja kumtendea raia mwenzake. Kwa lugha ya kawaida, aliyekuchomea mahakama na kukupiga risasi ashtakiwe na jimbo. Jimbo lililokuwa mikononi mwa wenzake, au lililokuwa likielekea huko.

Wakati majaji wakiilegeza sheria, wapiga kura wa Kaskazini walikuwa wakigeuza macho. Benki ya Jay Cooke ilianguka Septemba 1873 na uchumi ukaporomoka nayo. Viwanda vikafungwa, mishahara ikashuka, na habari za mauaji ya Louisiana zikaanza kusomwa kama kero. Mwaka 1874 chama cha Democratic, ndicho chama cha wazungu wengi wa Kusini wakati ule, kikachukua Baraza la Wawakilishi. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Mississippi. Vikundi vya wazungu vilizunguka na bunduki mchana kweupe, vikavunja mikutano na kuwafukuza viongozi wa chama cha Republican katika wilaya zao. Katika wilaya ya Yazoo, yenye maelfu ya wakazi weusi, chama cha Republican kiliambulia kura saba. Gavana Adelbert Ames aliomba askari. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Edwards Pierrepont, alimjibu kwa kunukuu maneno ya Rais Grant: umma mzima umechoshwa na ghasia hizi zinazozuka Kusini kila mwaka majira ya vuli.

Umechoshwa. Ni Grant huyuhuyu ambaye miaka minne tu nyuma alipeleka jeshi katika wilaya tisa za South Carolina, akasimamisha haki ya watuhumiwa kupelekwa mahakamani haraka, na kulivunja kundi la Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowashambulia weusi, kwa mamia ya mashtaka. Ilikwisha kuthibitika kwamba ugaidi ule unaweza kushindwa. Ulishindwa 1871. Kwa hiyo wanaosema Kusini haikuweza kubadilishwa kwa nguvu ya sheria wanapaswa kueleza kwa nini ilianza kubadilika pale nguvu ilipotumika, na kwa nini iliacha kubadilika pale nguvu ilipoondolewa.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Novemba 1876. Tilden aliongoza kwa takriban kura robo milioni za wananchi na alikuwa na kura 184 za wajumbe, akipungukiwa moja. Hayes alikuwa na 165. Kura 20 zilibishaniwa: nne za Florida, nane za Louisiana, saba za South Carolina, na moja ya Oregon. Kila jimbo kati ya yale matatu ya Kusini lilituma matokeo yanayopingana. Ni kweli kwamba bodi za kuhesabu kura, zilizokuwa mikononi mwa Republican, zilifuta maelfu ya kura za Tilden, na zilifanya hivyo bila haya. Lakini swali la nani aliiba haliwezi kuanza kwenye hesabu. Lianze barabarani, asubuhi ya kupiga kura. South Carolina ilikuwa na weusi wengi kuliko weupe. Julai ya mwaka ule, katika mji mdogo wa Hamburg, wanamgambo weusi waliuawa, baadhi yao wakiwa wamekwisha kukamatwa, na wazungu wapanda farasi wenye mashati mekundu walitisha mikutano hadi siku ya uchaguzi. Katika wilaya ya Edgefield kura zilizohesabiwa zilizidi idadi ya watu wenye haki ya kupiga kura. Uchaguzi huru katika majimbo yale, ninaamini, ungempa Hayes ushindi bila mkono wa bodi yoyote.

Katiba haikusema nani aamue. Bunge likaunda tume ya watu 15: maseneta watano, wawakilishi watano, majaji watano. Hesabu za vyama zilikuwa saba kwa saba, na wa kumi na tano alitarajiwa kuwa Jaji David Davis, mtu asiyefungamana na chama. Bunge la jimbo la Illinois, kwa kura za Wademocrat, likamchagua Davis kuwa seneta wakati huohuo. Kama walidhani wanamnunua, walijikata wenyewe, kwani Davis alikataa kuingia kwenye tume. Nafasi yake ikachukuliwa na Joseph Bradley. Kila jambo kubwa likaamuliwa nane kwa saba, na Bradley akiwa wa nane.

Wademocrat wangeweza kuendelea kuzuia hesabu bungeni hadi Machi 4 ipite. Hawakufanya hivyo, na sababu mojawapo ni mazungumzo yaliyofikia kilele tarehe 26 Februari katika hoteli ya Wormley, hatua chache kutoka Ikulu. Warepublican wa Ohio waliokuwa karibu na Hayes walikaa na Wademocrat wa Louisiana. Ikaeleweka kwamba Hayes akiwa rais, askari waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Republican kule Louisiana na South Carolina wataondolewa, nao viongozi wapya wataahidi kuheshimu haki za weusi. Hoteli ile ilikuwa ya James Wormley, mfanyabiashara mweusi aliyezaliwa huru Washington, mmoja wa watu wenye mafanikio makubwa mjini. Waliokaa mezani kupanga hatima ya watu wake walikuwa wazungu watupu.

Waswahili husema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Mwaka 1877 tembo walipatana, na nyasi zikaumia vilevile.

Wanahistoria bado wanabishana kama kikao kile kilibadilisha chochote. Wapo wanaoonyesha kwamba Grant mwenyewe alikuwa amekwisha kuchoka kuzilinda serikali zile, kwamba Wademocrat wengi wa Kusini walikuwa wamekwisha kuamua kumwacha Tilden, na kwamba ahadi nyingine zilizotajwa wakati ule, kama reli ya kwenda Texas, hazikutimizwa. Nakubaliana nao, na kwangu hilo linaongeza uzito wa kosa badala ya kulipunguza. Pale Wormley hapakuuzwa kitu ambacho muuzaji bado alikuwa anakithamini. Mississippi ilikuwa imeachwa 1875, Colfax ilikuwa imeachwa mahakamani 1876. Kilichobaki kilikuwa kuandikiana hati ya makabidhiano.

Tarehe 10 Aprili 1877 askari wakaondoka katika jengo la serikali mjini Columbia, South Carolina, na Gavana Daniel Chamberlain akaondoka nao. Tarehe 24 ikawa zamu ya New Orleans. Wengi huandika kwamba jeshi liliondoka Kusini lote. Sivyo, askari wengine walibaki kambini. Walichoacha ni kuilinda kura.

Na hoja kwamba serikali ya shirikisho haikuwa tena na uwezo inabomoka miezi mitatu tu baadaye. Julai 1877 wafanyakazi wa reli waligoma kuanzia West Virginia hadi Chicago, na Rais Hayes huyohuyo akapeleka askari wa shirikisho kuwatawanya. Majira hayohayo jeshi liliwafukuza Wanez Perce, taifa la wenyeji wa kaskazini-magharibi waliokataa kuhamishwa ardhi yao, maili zaidi ya elfu moja hadi Montana. Jenerali aliyeongoza msako huo alikuwa Oliver Howard, yule aliyesimama kanisani Edisto. Bunduki, farasi, bajeti na majenerali, vyote vilikuwepo. Jeshi lilipatikana kwa ajili ya wenye reli na wenye tamaa ya ardhi mpya. Mkulima mweusi wa Louisiana akaambiwa mambo yake ni ya ndani ya jimbo.

Ahadi za viongozi wapya wa Kusini zilidumu muda mfupi. Kura za weusi hazikuzimwa usiku mmoja, ziliendelea kupigwa hapa na pale kwa miaka zaidi ya kumi, zikipungua. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya 1875 iliyokataza ubaguzi katika hoteli, treni na kumbi. Aliyeandika hukumu hiyo ni Bradley, akisema lazima ufike wakati mtu mweusi aache kuwa kipenzi maalumu cha sheria. Miaka 18 baada ya utumwa! Mississippi ikaandika katiba mpya 1890 yenye kodi ya dola mbili kwa anayetaka kupiga kura na sharti la kusoma au kufafanua kifungu cha katiba mbele ya karani mzungu, ambaye ndiye aliyeamua kama umefafanua vizuri. Louisiana ikafuata 1898. Daftari la wapiga kura la Louisiana lilikuwa na weusi 130,334 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

George White wa North Carolina, mbunge mweusi wa mwisho wa kizazi kile, aliaga Januari 1901 akisema hiyo pengine ni kwaheri ya muda tu ya watu weusi kwa Bunge la Marekani. Kusini haikutuma tena mbunge mweusi hadi Januari 1973, walipoapishwa Barbara Jordan wa Texas na Andrew Young wa Georgia. Katikati hapo kulihitajika tena jeshi, lile ambalo Rais Dwight Eisenhower alilipeleka Little Rock, Arkansas, mwaka 1957 ili watoto tisa weusi waingie shule ya wazungu, na kulihitajika sheria ya haki ya kupiga kura ya Agosti 1965, iliyoyalazimisha majimbo yenye historia ya ubaguzi kupata kibali cha shirikisho kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi.

Kibali hicho kilikufa Juni 2013, pale Mahakama ya Juu iliposema kwa kura tano kwa nne kwamba nchi imebadilika. Siku ileile Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura iliyokuwa imezuiwa. Kisha, Januari 2021, maseneta na maseneta wateule 11 wakiongozwa na Ted Cruz wa Texas walitaka iundwe tume kuchunguza ushindi wa Joe Biden, na wakaitaja ile ya 1877 kama mfano wa kufuatwa: maseneta watano, wawakilishi watano, majaji watano. Hesabu waliikumbuka vizuri. Walichoacha kutaja ni kwamba tume ile iliamua yote nane kwa saba kwa mstari wa chama, na kwamba bei ya amani yake ililipwa Columbia na New Orleans na watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Mwishoni mwa 2022 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kuhesabu kura za wajumbe, iliyoweka wazi kwamba makamu wa rais hana mamlaka ya kukataa matokeo na kwamba pingamizi lolote linahitaji moja ya tano ya kila baraza. Ni sheria nzuri. Inalinda hesabu inayofanyika Washington mwezi Januari. Mlango wa kituo cha kura kule Yazoo na Edgefield bado unategemea ile ya 1965, au kile kilichobaki cha hiyo.